Kiungo wa Kupiga Pasi

Njiti hakujua kutulia, na hilo halikuwa siri kwa mtu. Akikaa, goti lilicheza. Akisimama, vidole vilisokota upindo wa sketi mpaka nyuzi zikaning'inia. Jina la Njiti alipewa kwa wembamba wake, lakini shangazi yake alikuwa akisema lingemfaa hata kwa tabia, maana ukimsugua kidogo tu anawaka.

Mahali alipotulia palikuwa pamoja tu, mbele ya meza ya kupigia pasi. Shangazi alikuwa dobi. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba zimepita kutoka ukuta hadi ukuta, na pasi mbili za mkaa zimekaa dirishani zipate upepo. Kila asubuhi kabla ya shule Njiti alikung'uta jivu, akapepea mkaa, kisha akapewa mashati mawili matatu ya kufungulia siku. Kola kwanza, halafu mabega, mikono, mgongo, na kifua mwisho. Chuma kilipoteleza na mikunjo ikafutika, moyo wake nao ulikuwa kama umenyooshwa. Hapo ungemwita mara mbili asisikie.

"Una sisimizi mwilini wewe," Shangazi alizoea kumwambia. "Ila ukishika pasi naona wanalala."

Asubuhi moja sisimizi hao walikataa kulala. Njiti alikuwa amehamia kwa shangazi yake hivi karibuni, baada ya baba yake kupata kazi ya kuendesha malori ya safari ndefu, na shule ilikuwa mpya. Tangu afike alikula mkate wake wa mapumziko peke yake kwenye ngazi za darasa, akijifanya anasoma tangazo la ukutani ambalo alikwisha kulikariri. Sasa mwalimu wa darasa ametangaza kwamba kila mwanafunzi atasimama mbele ya wenzake ajieleze. Si kwa jina, alisema, majina anayo. Aseme anapenda kufanya nini akipata nafasi, shujaa wake ni nani, na ni kitu gani kinachomfurahisha kuliko vyote.

Majibu yote matatu Njiti alikuwa nayo. Balaa ni kwamba yote matatu yalinukia sabuni. Angesimamaje mbele ya darasa zima aseme starehe yake ni kazi ambayo watoto wengine huifanya kwa kusukumwa? Aliipitisha pasi mara tatu kwenye kola ileile. Shangazi akamnyang'anya shati na kumwambia aende shule kabla hajalitoboa.

Darasani mambo yalianza kwa vicheko. Mvulana wa dawati la mbele alisema anapenda kulala, shujaa wake ni paka wa kwao, na kinachomfurahisha ni Jumamosi. Mwalimu alimwomba aketi kabla hajasinzia wima. Akafuata Nahodha, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ndiye aliyeongoza timu ya mpira ya wasichana wa darasa. Sauti yake ilisikika hadi darasa la tatu kutoka pale. Alisema anapenda mpira, shujaa wake ni yeyote anayejua mpira, na kitu akipendacho ni mpira, akaketi. Kisha akasimama Kobe, msichana mfupi, mpole, ambaye hakuwahi kuonekana akikimbilia kitu isipokuwa mpira. Kwa sauti ya chini alisema shujaa wake ni dada yake mkubwa, na kinachomfurahisha kuliko vyote ni kuvaa jezi nambari nane ya timu ya darasa.

Zamu ya Njiti ikafika. Alifika mbele, akashika upindo wa sketi, akausokota.

"Napenda kupiga pasi," alisema.

Alingoja kicheko. Hakikuja. Badala yake Nahodha aliinuka nusu kutoka kwenye dawati lake.

"Wa kulia au wa kushoto?"

Njiti aliona ni swali la ajabu, lakini lilikuwa na jibu. "Wa kulia. Ukichoka nahamia wa kushoto."

Darasa likaguna kwa heshima. Mwalimu hakuona ubaya wowote katika maswali, akaacha yaendelee.

"Ndefu au fupi?" Nahodha aliuliza.

Njiti aliziona akilini suruali za wateja zikining'inia kambani. "Zote. Fupi namaliza upesi. Ndefu zinataka subira."

Nahodha alimgeukia jirani yake kama mtu aliyeokota lulu njiani. Njiti akapata nguvu. Akaeleza kwamba shujaa wake ni shangazi yake, ndiye aliyemfundisha. Hupiga pasi kutwa mpaka jasho linamtiririka, na watu hutoka mitaa ya mbali kumfuata. Na kinachomfurahisha kuliko vyote ni jua, kwa sababu mvua ikinyesha kila kitu husimama. Hilo la jua darasa zima lilielewa, maana nani asiyejua uwanja wao ulivyogeuka tope wakati wa mvua? Wakampigia makofi. Alirudi kwenye kiti chake uso unawaka, akijiambia kwamba kumbe watu wa hapa ni watu wema, wanaheshimu kazi.

Wakati wa mapumziko alifuatwa ngazini. Nahodha alikuja na kundi zima, akaketi karibu yake mpaka mabega yakagusana, akamega kipande cha mkate wake akampa. Akamweleza kwamba Ijumaa wanacheza na mkondo wa jirani, wale waliowafunga mara mbili mfululizo, na kwamba timu ina wafungaji ila haina kiungo hodari, mtu wa katikati wa kuwagawia wenzake mpira.

"Tumehangaika kutafuta mtu wa kupiga pasi," alisema, "kumbe tumekaa naye darasani."

Hapo ndipo Njiti alipoelewa. Lo, masikini wa Mungu. Neno lilikuwa moja na pasi zilikuwa mbili. Alifungua kinywa aseme, jamani, mimi nilisema pasi za nguo. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini bega la Nahodha lilikuwa na joto, mkate ulikuwa mtamu, na kila uso pale ulimtazama kama mgeni aliyekuwa akingojewa. Akafunga kinywa. Hakusema uongo, alijiambia. Amenyamaza tu.

Kuanzia saa hiyo hakujua raha. Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu, chakula alikichezea. Mazoezi ya kwanza alichechemea akasema mguu umeteguka, na uongo huo wa pili ulimtoka kwa urahisi uliomtisha mwenyewe. Alidhani wataghairi. Wapi. Nahodha alitoa amri Njiti asiguse mpira hadi siku ya mechi, atunzwe. Wakamtunza kama yai. Mmoja alimbebea mkoba, mwingine alimtengea kivuli. Nafasi ya katikati wakati wa mazoezi aliachiwa mlinzi mmoja aishike kwa muda, na Kobe, aliyekuwa akiicheza siku zote, akapelekwa pembeni ya uwanja kuokota mipira inayotoka.

Kobe hakulalamika. Hilo ndilo lililomkera Njiti kuliko yote, maana angelalamika wangegombana na ugomvi una mwisho. Kobe alikaa kwenye nyasi, magoti kifuani, akifuata mpira kwa macho. Njiti kila alipotazama upande ule, goti lake lilianza kucheza. Alikuwa akila kile mwenzake alichonyang'anywa, na alijua. Mara kadhaa alimwendea Nahodha amwambie. Kila mara Nahodha alimtangulia kwa kumshika bega na kumuuliza mguu unaendeleaje.

Alhamisi baada ya mazoezi, Kobe mwenyewe alimletea jezi. Ilikuwa ya njano, imekunjamana kwa kukaa mkobani, na nane kubwa nyeusi imebandikwa mgongoni.

"Ni pana kidogo," Kobe alisema. "Ukiichomekea haisumbui."

Njiti alipokea, akasema ahsante, akatamani ardhi ipasuke.

Nyumbani Shangazi alikuwa uani akianua nguo. Njiti aliitandaza jezi mezani. Aliona kwamba kucheza hawezi na kusema ameshindwa, basi angalau ainyooshe. Alishika pasi. Kitambaa cha jezi kilikuwa cha nailoni, na mtoto wa dobi hahitaji kuambiwa kwamba nailoni hupigwa pasi ya uvuguvugu, tena kwa kufunikwa na kitambaa cha pamba. Njiti alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini mikono ilikuwa mezani na akili iko uwanjani, inamwona Kobe kwenye nyasi. Akaikandamiza pasi ya moto juu ya nambari.

Harufu ndiyo iliyomwamsha. Alipoinyanyua pasi, duara la juu la ile nane liliinuka nayo, limeganda kwenye chuma kama lami, na pale lilipokuwa pakabaki tundu lenye kingo ngumu za kahawia. Njiti alikaa sakafuni akalia kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

Shangazi aliingia na lundo la nguo begani. Aliona jezi, akaona pasi, akaweka nguo chini. Hakugomba. Aliuliza tu ni ya nani, na Njiti, kwa kwikwi na kamasi, akayamwaga yote tangu siku ile ya kujieleza: mguu wa kulia na mkono wa kulia, ndefu na fupi, jua na mvua, mguu usioteguka, na Kobe.

Shangazi alianza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea meza, machozi yakamtoka, akajifuta kwa ncha ya khanga. "Kwa hiyo huko shuleni kwenu mimi ni mchezaji mpira," alisema. "Jasho linanitiririka, watu wanatoka mitaa ya mbali kuniona." Akacheka tena. Kisha kicheko kikakatika, akakaa akikwangua chuma cha pasi kwa kisu butu.

"Uliposema shangazi yako ndiye shujaa wako," aliuliza, "ulikuwa unanisema mimi huyu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na walipompenda yule mwingine, wa mpira, ukawaachia."

Njiti hakuwa amelifikiria hivyo hata siku moja. Alifikiri anaficha jambo dogo, kosa la neno tu, kumbe aliyekuwa akimficha ni mtu, na mtu huyo yuko mbele yake, vidole vimekauka kwa sabuni, anamkwangulia pasi aliyoiharibu. Aliona aibu iliyomshinda kilio. Alimwomba msamaha, na Shangazi akamwambia kwamba wao wawili watamalizana, damu haiwi maji. Ila jezi ina mwenyewe.

"Twende wote kesho, Shangazi. Unisemee."

"Mimi siendi. Mdomo ulionyamaza ndio utakaosema." Akampa sindano, uzi, na kipande cha kitambaa cha njano kilichofanana kidogo na jezi, akamwonyesha jinsi ya kukata kingo zilizoungua na kushona kiraka kwa ndani. Duara la juu halikuweza kurudi. Lilibaki la chini peke yake.

Hayawi hayawi, Ijumaa ikawa. Njiti alifika shuleni mapema akasimama kwenye ngazi na jezi kifuani. Timu ilipokusanyika hakungoja kuguswa bega. Alijua akiguswa tu, basi tena.

"Mimi mpira siujui," alisema. "Pasi nilizosema ni za nguo. Shangazi yangu ni dobi, na shujaa wangu ni huyo huyo. Mguu wangu ni mzima. Na jezi nimeiunguza."

Kicheko kikalipuka. Yule mvulana wa paka alimbatiza papo hapo Kiungo wa Mkaa. Hata Njiti angecheka, laiti asingeziona nyuso mbili ambazo hazikucheka. Nahodha alikuwa amekasirika. Alisema Njiti amewafanya wajinga wote, wamemtunza na kumbebea mkoba, na sasa kiungo waliye naye hajagusa mpira kwa siku zote za mazoezi. Akageuka akaenda zake. Kobe alibaki, akaichukua jezi, akaigeuza mgongo, akakipapasa kiraka.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mapumziko ya siku ileile."

"Kwa hiyo ulikuwa ukiniona pale kwenye nyasi, na unajua."

"Ndiyo," Njiti alisema. "Nisamehe."

Kobe aliivaa jezi juu ya sare, akaichomekea, akaenda.

Jioni walicheza. Njiti alitamani kukimbilia nyumbani, miguu yote miwili ilimsihi, lakini alibaki mstarini na ndoo ya maji ya wachezaji, akisikia watazamaji wakiuliza nani kampa timu mchezaji nambari sifuri. Kobe alipigana. Alikimbia, akaanguka, akainuka. Lakini alikuwa amekosa mazoezi na pumzi zilimwisha mapema, na karibu na mwisho mpira alioutoa katikati ulikuwa mlegevu, ukanaswa na mpinzani, likawa bao. Ndilo bao pekee la mechi ile. Nahodha alipokuja kunywa maji alimwambia Njiti wazi kwamba wamefungwa kwa sababu yake. Njiti alimpa kikombe, akasema anajua.

Jumamosi asubuhi alikuwa mezani akipiga pasi mashuka, Shangazi akiwa uani, alipoona kivuli mlangoni. Alikuwa Kobe, ameshika sketi ya shule ya marinda, iliyokauka ikawa ngumu kama karatasi. Alisema hakuja kwa mengine, ila kwao hakuna anayeweza marinda, na alisikia hapa ni kwa dobi. Njiti alimkaribisha kiti. Kobe alitazama zile pasi mbili dirishani, na Njiti aliusokota upindo wa sketi yake.

Shangazi akaingia, akamwona mgeni, uso ukamchangamka. "Karibu, mwanangu," alisema, kisha akamgeukia Njiti. "Ni rafiki yako huyu?"

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Angetabasamu tu, angeinamia shuka, na Shangazi angejijibu mwenyewe, na Kobe kwa upole wake asingekanusha. Njiti aliyahisi maneno yamekwama ulimini, mahali palepale. Akayasukuma mbele.

"Bado, Shangazi. Huyu ndiye mwenye jezi. Hajanisamehe. Ninaomba siku moja awe rafiki yangu."

Kobe aliinua macho. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumtazama Njiti tangu jana ngazini.

"Nimeshakusamehe nusu," alisema baada ya kufikiri. "Nusu nyingine tutaona mechi ijayo."

"Nusu si haba," Shangazi alisema. Akaichukua ile sketi, akaikunjua kwa shida, akawaonyesha wote wawili. "Tazameni. Hii ilisahauliwa kambani, ikakauka na mikunjo yake. Sasa inataka maji, inataka moto mkali, na mkono utauma. Lakini nguo ikiondolewa kambani ingali na unyevunyevu, ukiipitishia pasi mara moja tu inalala. Ukweli nao ndio hivyo hivyo, wanangu. Siku ile ngazini, Njiti, ungesema tu kwamba pasi zako ni za nguo, wangecheka, nawe ungecheka nao, yakaisha. Ulingoja, na ukweli ulipokauka umemchoma huyu, umewachoma wenzako, umenichoma na mimi kidogo. Hukusema uongo mwanzoni, najua. Lakini mtu akiamini kisichokuwepo, nawe unajua, ukanyamaza kwa sababu kinakupendeza, kunyamaza huko ni kudanganya. Leo neno gumu umelisema lingali bichi. Umeona lilivyokuwa jepesi?"

Njiti hakuona kama lilikuwa jepesi hata kidogo, naye akasema hivyo. Shangazi akacheka, akamwambia angalau hilo nalo ni kweli. Kisha akamvuta Kobe karibu na meza ili ajionee jinsi rinda la kwanza linavyopangwa, na Njiti akaenda kupepea mkaa.